KAMARI YA SIMU KATIKA NCHI JIRANI: MARADHI YENYE TIBA

Mwezi Agosti 2025 Rais William Ruto wa Kenya alitia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1966. Miezi michache kabla ya hapo, mwishoni mwa Aprili, bodi iliyokuwa ikitoa leseni za kamari nchini humo ilisimamisha kwa muda wa siku 30 matangazo yote ya kamari katika vyombo vya habari na katika mabango ya barabarani. Bodi hiyo ilieleza kwamba matangazo hayo yalikuwa yakiwafanya watu, wakiwamo watoto, waione kamari kuwa ni kitega uchumi halali na njia ya mkato ya kufikia utajiri.

Hatua hizo hazikuwa za kwanza. Julai 2019 Serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za makampuni 27 ya kubeti, na Novemba mwaka huo huo ikaanza kutoza kodi ya asilimia 20 juu ya kila dau. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2020, ikarudishwa mwaka 2021 kwa kiwango cha chini zaidi, kisha ikapandishwa tena. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2016 iliweka umri wa miaka 25 kuwa ndio mwanzo wa mtu kuruhusiwa kucheza kamari, umri ambao ni mkubwa kuliko ule wa kupiga kura. Januari 2019 ikatangazwa, kwa agizo la Rais Yoweri Museveni, kwamba leseni mpya za kubeti michezo hazitatolewa, na zile za zamani hazitahuishwa zitakapokwisha.

Pamoja na hayo yote, kamari haikutoweka Nairobi wala Kampala. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: kwa nini mlango unaofungwa na serikali leo hukutwa wazi kesho? Jibu moja limo katika fedha, kwa kuwa kamari huziletea serikali kodi na huwaletea wenye makampuni faida. Jibu la pili limo katika simu. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwezi Machi 2007, na huduma za namna hiyo zienee katika Afrika Mashariki yote, fedha ya mtu inalala naye kitandani, na duka la kubeti linalala naye pia. Lakini liko jibu la tatu, nalo limo katika ubongo wa binadamu. Hilo ndilo linalohitaji maelezo marefu, kwa sababu wengi hawalijui, na kwa kutolijua wanawahukumu vibaya ndugu zao na pengine wanajihukumu vibaya wao wenyewe.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Tanzania nayo inayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, inayo bodi ya kuisimamia, na inao vijana wanaoamka na mkeka na kulala na mkeka. Katika vijana hao wamo waliovaa sare.

Ulevi usio na chupa

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba ulevi hauna budi uwe na kitu kinachoingia mwilini: pombe, bangi, kasumba, tumbaku. Lugha ya Kiswahili yenyewe ina neno uraibu, ambalo watu wa pwani walilitumia kwa tambuu, popoo na chokaa vitafunwavyo, na ambalo leo limepanuka kuwa jina la kila mazoea yaliyomshinda mtu nguvu. Madaktari wamelipanua wazo hilo vivyo hivyo. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa maradhi ya akili wa Marekani kiliiingiza kamari iliyopita kiasi katika orodha yake ya maradhi, ingawa kiliiweka mbali na ulevi. Mwaka 2013, baada ya utafiti wa miaka mingi, chama hicho kiliihamisha na kuiweka katika fungu moja na pombe na madawa ya kulevya. Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya maradhi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, na humo maradhi ya kamari na maradhi ya michezo ya kompyuta yamewekwa pamoja na uraibu mwingine.

Haina maana kwamba kila anayebeti ni mgonjwa. Walio wengi huweka dau dogo, hukosa, hucheka na kwenda zao. Mgonjwa hutambulikana kwa dalili, na wataalamu wanazihesabu dalili tisa. Ya kwanza, dau lake hukua, kwa kuwa lile la jana halimsisimui tena. Ya pili, akijaribu kupunguza huwa na hamaki na hatulii. Ya tatu, amekwisha kujaribu kuacha mara nyingi akashindwa. Ya nne, fikra zake zote ni kamari, hata akiwa kazini. Ya tano, hukimbilia kamari anapokuwa na huzuni au wasiwasi. Ya sita, akipoteza hurudi kesho yake kuifukuza fedha iliyokwenda. Ya saba, husema uongo ili kuficha. Ya nane, amehatarisha kazi yake, masomo yake au ndoa yake. Ya tisa, hutegemea watu wengine wamtoe katika shida ya fedha aliyojiletea. Mtu akiwa na dalili nne au zaidi katika muda wa miezi 12, huyo anahitaji matibabu.

Kati ya dalili hizo, ile ya kuifukuza hasara ndiyo inayowapeleka wengi shimoni. Mtu wa kawaida akipoteza shilingi 10,000 sokoni husikitika na kwenda nyumbani. Mraibu wa kamari huiona fedha hiyo kama bado ni yake, imekopwa tu na kampuni, na ya kuikomboa ni kuweka nyingine.

Namna mtego unavyonasa

Mwanasayansi wa Marekani, B. F. Skinner, aliwafundisha njiwa kudonoa kitufe ili wapate chakula. Njiwa aliyepewa punje kwa kila idadi maalumu ya midonoo alidonoa, akapumzika, akadonoa tena. Lakini yule aliyepewa punje bila mpango wa kueleweka, pengine baada ya midonoo mitatu, pengine baada ya hamsini, alidonoa bila kupumzika, na hata punje zilipokoma aliendelea kwa muda mrefu. Katika kitabu chake cha mwaka 1957, alichokiandika pamoja na Charles Ferster, mambo hayo yalielezwa kwa takwimu na michoro. Mashine za kamari, zile ambazo mitaani huitwa dubwi, zinafuata kanuni hiyo hiyo, na mchezo wa simu wa ndege inayopaa na kutoweka unaifuata pia.

Wanasayansi waliokuja baadaye wakatazama ndani ya ubongo. Imo humo kemikali iitwayo dopamini, ambayo humsukuma kiumbe kutafuta yale yanayomfaa. Wolfram Schultz na wenzake, katika majaribio yao juu ya nyani, waliona kwamba seli za dopamini huamka kwa nguvu pale zawadi inapokuja bila kutarajiwa, na hunyamaza zawadi ikishazoeleka. Mwaka 2003 wakaonyesha jambo la kushangaza zaidi: katika muda wa kungoja, kuna msisimko wa seli hizo ambao huwa mkubwa kabisa pale nafasi ya kupata na ya kukosa zinapokuwa sawasawa. Kwa maneno mengine, kinachoulevya ubongo ni kule kutokuwa na hakika. Ndiyo maana mraibu hata akishinda hatosheki. Huichukua fedha aliyoshinda na kuirudisha pale pale, kwa kuwa alichokuwa akikitafuta kilikuwa ni zile dakika za kungoja.

Upo ushahidi mwingine ulio wazi. Baadhi ya wazee waliokuwa wakitibiwa ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, kwa dawa zinazofanya kazi mfano wa dopamini, walianza ghafla kucheza kamari, watu ambao maisha yao yote hawakuwa na hamu nayo. Dawa ilipopunguzwa au kubadilishwa, wengi wao wakaacha. Tabia ya wazee hao haikuwa imeharibika. Kilichokuwa kimeguswa ni ubongo.

Aidha, kuna mtego wa kukosa kwa nusura. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba mchezaji anapokosa kwa kidogo tu, sehemu za ubongo zinazoamka wakati wa ushindi nazo huamka, na hamu ya kuendelea huongezeka. Kila askari aliyewahi kumwona mwenzake ameshika mkeka wa mechi kumi, tisa zimekubali na moja imechana, ataelewa. Kwa hesabu, mtu huyo amepoteza sawa na aliyekosa mechi zote kumi. Kwa moyo wake, amekaribia, na kesho hana budi ajaribu tena.

Hesabu ya mkeka

Inafaa hesabu hiyo ifanywe hadharani. Ichukuliwe mechi ambayo timu mbili zina nguvu sawa na sare haimo. Mtu aliyeweka shilingi 1,000 na kushinda angestahili, kwa haki, kupokea shilingi 2,000. Kampuni humpa, kwa mfano, shilingi 1,900. Shilingi 100 inayobaki ni ujira wa kampuni, nao huonekana mdogo.

Sasa mtu huyo aunganishe mechi kumi za namna hiyo katika mkeka mmoja. Kampuni itamwahidi kiasi cha shilingi 613,000 kwa dau lake la shilingi 1,000, na macho yake yatang'aa. Lakini mechi kumi zinaweza kumalizika kwa namna 1,024 zilizo tofauti, na mkeka wake ni mmoja tu kati ya hizo. Kama angekuwa na uwezo wa kuandika mikeka yote 1,024, angetumia shilingi 1,024,000, angeshinda kwa hakika, na angepokea shilingi 613,000. Angekuwa amepoteza shilingi 411,000 katika siku ambayo hakukosa. Ule ujira mdogo wa kampuni, ulipozidishwa mara kumi, umekula karibu fedha nne katika kila kumi. Ujuzi wa kandanda hauwezi kuiziba pengo hilo kwa mchezaji wa kawaida, kwa sababu aliyepanga viwango naye anaijua kandanda, na analipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba mgonjwa akionyeshwa hesabu atapona. Mwandishi mashuhuri wa Urusi, Fyodor Dostoevsky, alihitimu katika chuo cha uhandisi wa kijeshi cha St. Petersburg mwaka 1843, kwa hiyo hesabu alizijua. Mwaka 1866, akiwa amebanwa na madeni, aliandika kwa muda wa siku 26 riwaya nzima juu ya mcheza kamari, na aliieleza hali hiyo kwa undani ambao madaktari wa leo wanaukubali. Alipomaliza kuiandika aliendelea kucheza, akauza hata vitu vya mkewe, na hakuacha mpaka mwaka 1871. Kujua ugonjwa na kupona ugonjwa ni mambo mawili.

Kwa nini askari

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea, katika nchi ya Wales, walichambua takwimu za Uingereza na kuona kwamba matatizo ya kamari yalikuwa mengi zaidi miongoni mwa watu waliowahi kuwa askari kuliko miongoni mwa raia wengine. Nchini Marekani jeshi lenyewe lilikuwa likiendesha mashine za kamari katika kambi zake za nchi za nje, na faida yake ilitumika kwa burudani za askari. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilitoa taarifa kwamba mashine hizo zilikuwa zaidi ya 3,000, huku askari wakiwa hawaulizwi chochote juu ya kamari wanapopimwa afya. Mwaka uliofuata Bunge likaagiza kwa sheria kwamba waulizwe.

Sababu hazihitaji kutafutwa mbali. Askari huchaguliwa kwa ujasiri, na mtu jasiri haogopi kubahatisha. Mshahara wake huja kwa tarehe inayojulikana, na wakopeshaji wote wanaijua tarehe hiyo. Kazi yake ina saa nyingi za kungoja: lindoni, doria, katika kituo cha mpakani, katika kambi iliyo mbali na mke na watoto. Katika saa hizo ana simu mfukoni. Wapo waliorudi kutoka katika mapambano au katika ajali wakiwa na mambo waliyoyaona ambayo hawajamwambia mtu, na kamari huwasahaulisha kwa muda. Tena desturi ya sare ni kutolalamika, na ugonjwa unaostawi kwa siri hupata hapo udongo mzuri.

Ichukuliwe mfano wa koplo mmoja, ambaye anaweza kuwa wa nchi yoyote ya Afrika Mashariki. Alianza kwa shilingi 500 siku za Jumamosi, pamoja na wenzake wa platuni. Siku moja akashinda laki mbili, akawanunulia wenzake soda, akaitwa fundi. Daktari Robert Custer wa Marekani, aliyeshughulika na wagonjwa wa namna hii kwa miaka mingi, alikiita kipindi hicho kuwa ni cha ushindi. Kikafuata cha hasara. Koplo anabeti peke yake sasa, usiku, katika mechi za nchi asizozijua. Amekopa katika chama cha kuweka na kukopa akisema anajenga, akakopa katika simu, kisha akaenda kwa wale wakopeshaji ambao wananchi wameipa mikopo yao jina la kausha damu. Kadi yake ya benki imebaki kwao. Nyumbani amesema mishahara imechelewa. Kipindi cha tatu Custer alikiita cha kukata tamaa. Fedha ya kombania imo mikononi mwa koplo, au kama ni polisi, kielelezo cha kesi kimo katika kabati lake. Anajiambia ataazima kwa siku mbili tu.

Hapo ndipo jambo la mtu mmoja linapogeuka kuwa jambo la usalama. Askari mwenye deni asiloweza kulitaja anaweza kununuliwa na mhalifu, na bei yake hushuka kila mwisho wa mwezi. La kuhuzunisha zaidi, madaktari wa nchi nyingi wameona kwamba fikra za kujitoa uhai ni nyingi miongoni mwa waraibu wa kamari, hasa siku ile siri inapofichuka. Raia aliye katika hali hiyo yuko hatarini. Askari aliye katika hali hiyo na amepangiwa lindo lenye silaha, yuko katika hatari iliyo kubwa zaidi.

Tiba iliyoanzia kwa askari

Ni jambo la kutia moyo kwamba wodi ya kwanza ya kulaza na kutibu waraibu wa kamari ilifunguliwa katika hospitali ya askari wastaafu. Mwaka 1972, huko Brecksville katika jimbo la Ohio, huyo huyo Daktari Custer aliianzisha akishirikiana na wanachama wa chama cha wacheza kamari waliotaka kuacha, kiitwacho Gamblers Anonymous, kilichoundwa Los Angeles mwaka 1957. Custer aliwapokea watu walioitwa wezi na waongo, akawaandikia kadi za wagonjwa. Tangu wakati huo imeonekana wazi kwamba ugonjwa huu unatibika.

Hatua ya kwanza ni kukiri mbele ya mtu mmoja anayeaminika, na kuandika madeni yote katika karatasi moja, bila kuficha hata moja. Mali bila daftari huisha bila habari, na madeni ni hivyo hivyo. Mgonjwa aliyetaja madeni manne na kuficha la tano ataendelea kucheza kwa ajili ya lile la tano.

Hatua ya pili ni kuutenga mkono na fedha. Kwa miezi kadhaa mshahara uende kwa mke, mzazi au ndugu, na mgonjwa apewe nauli na posho ya kila siku. Programu za kubeti zifutwe katika simu, kampuni iandikiwe ifunge akaunti yake moja kwa moja, na mikopo ya simu izuiwe. Hilo lisichukuliwe kuwa ni kumdhalilisha. Aliyevunjika mguu hufungwa gango, na hakuna anayemcheka kwa kutembelea mkongojo.

Hatua ya tatu ni tiba ya mazungumzo, ambayo ndiyo iliyothibitika zaidi. Mgonjwa huonana na mtaalamu, kwa kawaida mara moja kwa juma kwa majuma kadhaa. Pamoja huchunguza ni saa gani hamu inapanda: je, ni siku ya mshahara, ni baada ya ugomvi, ni lindoni usiku? Huchunguza pia fikra za uongo zinazoambatana na hamu hiyo, kama vile kuamini kwamba aliyekosa mara nyingi zamu yake imekaribia. Mechi ya leo haijui ya jana. Kisha hujifunza kuiacha hamu ipande na kushuka bila kuitii, maana hamu ni kama wimbi, ikingojwa huvunjika yenyewe. Jioni zilizokuwa za kamari zijazwe mambo mengine: mazoezi, masomo, shamba, ibada, kandanda ya kuchezwa kwa miguu.

Dawa ya vidonge inayoponya ugonjwa huu peke yake haijapatikana. Dawa iitwayo naltreksoni, inayotumika kwa walevi wa pombe, imewasaidia baadhi ya wagonjwa kupunguza hamu, lakini hiyo ni kazi ya daktari kuamua. Daktari pia ataangalia kama kuna huzuni kubwa, ulevi wa pombe au majeraha ya moyo yaliyotokana na vita, kwa sababu mara nyingi maradhi hayo huja pamoja, na kulitibu moja na kuliacha jingine ni kujaza maji katika pakacha. Kenya wanayo hospitali ya Mathari mjini Nairobi, Uganda wanayo Butabika mjini Kampala, na Tanzania inayo Mirembe mjini Dodoma, mbali ya kliniki za maradhi ya akili katika hospitali nyingine kubwa. Mtu anayekwenda huko kwa ajili ya kamari hana sababu ya kuona haya kuliko anayekwenda kwa ajili ya malaria.

Lazima isemwe pia kwamba wengi huteleza na kurudia mara moja au mbili kabla ya kupona. Kuteleza kusichukuliwe kuwa ni mwisho wa tiba. Ni taarifa kwamba kuna ufa ambao haujazibwa.

Wajibu wa jamaa na wa wakuu

Jamaa wa mgonjwa hufanya kosa moja kwa mapenzi mema: wanauza ng'ombe au kiwanja na kulipa madeni yote kwa siku moja. Custer aliona mara nyingi kwamba msaada wa namna hiyo humrudisha mgonjwa mchezoni, kwa kuwa amepata uhakika kwamba mtu atamwokoa. Madeni yalipwe na yeye mwenyewe, kidogo kidogo, kwa mpango uliokubaliwa na wanaomdai. Jamaa wampe muda wao, chakula na maneno ya kweli, lakini fedha taslimu wasimpe.

Wakuu wa vikosi na wa vituo wana wajibu mzito zaidi. Nidhamu ni uti wa mgongo wa jeshi, na aliyeiba fedha ya umma atajibu mbele ya sheria. Ugonjwa unaeleza kosa, haulifuti. Lakini mkuu ambaye silaha yake pekee ni adhabu atakuwa na kikosi kinachomficha. Askari wake watajua ni nani anayezama, na watanyamaza mpaka siku ya msiba. Mkuu mwenye busara hutangaza mapema kwamba anayekuja mwenyewe kabla hajagusa mali ya umma atasaidiwa, na akishatangaza hutimiza. Huwafundisha masajini kutazama dalili: anayekopa kwa kila mtu, anayeomba zamu za usiku zisizopendwa, asiyekwenda likizo kwa kukosa nauli, anayeitazama simu gwarideni.

Na pale mkuu anapoona askari amekata tamaa, amwite faragha na amwulize waziwazi kama amefikiria kujidhuru. Ni imani potofu kwamba kuuliza hivyo kunampa mtu wazo hilo. Wataalamu wanakubaliana kwamba swali la upole humpunguzia mzigo. Kisha ampangie kazi isiyo na silaha kwa muda, bila tangazo na bila fedheha, asimwache peke yake, na siku hiyo hiyo amfikishe kwa daktari au kwa mganga wa kikosi. Silaha ikiwa mbali, saa mbaya hupita, na mtu hubaki.

Serikali za Kenya na Uganda zitaendelea kutunga sheria, na yapo mengi ya kujifunza katika yale waliyofaulu na yale yaliyowashinda. Hata hivyo, hakuna kodi wala leseni itakayomfikia koplo aliyejifunika blanketi saa nane za usiku, uso wake ukiangazwa na simu. Atakayemfikia ni mwenzake wa kitanda cha pili, ambaye ameona na anajiuliza kama aseme. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayemfichia mwenzake maradhi huwa amemsaidia kuumbuka. Basi na aseme, mapema, na kwa upole.